Ringi Ikikosa Nafasi: Kuchagua na Kuandaa Pistoni za Injini ya Nitrasi

Chukua pistoni iliyofia kwenye injini ya nitrasi, yaani injini inayopewa gesi ya nitrasi oksidi ili iongeze nguvu, iweke mkononi na uitazame vizuri kabla hujamlaumu mtu. Huenda usikute tundu wala alama ya kuyeyuka. Utakachokuta ni pengo: kipande cha tuta la juu, yaani ule ukingo mwembamba wa alumini ulio kati ya utosi wa pistoni na mtaro wa ringi ya kwanza, kimebanduka kikavu kama kigae kilichodondoka. Sasa ivue ringi yenyewe, ule mkanda wa chuma uliokatwa mahali pamoja unaoizunguka pistoni, na uangalie ncha zake mbili. Zikiwa kijivu na zimefifia, tafuta kosa kwingine. Zikiwa zinang'aa kana kwamba mtu amezipiga msasa, jibu unalo mkononi: ncha hizo zilikutana. Ringi ilipata joto, ikarefuka, ikaumaliza mwanya wake wote, yaani ile nafasi kati ya ncha zake, ikakosa pa kwenda na kuung'ang'ania ukuta wa silinda. Pistoni ikaendelea kuvutwa chini kwa nguvu ya kranki huku ringi imebaki juu, na kilichokuwa katikati ya mvutano huo ni tuta la juu. Likang'oka.

Wengi wakiiona pistoni ya namna hii husema gesi ndiyo iliyoiua, kisha wanaagiza pistoni nyingine ya bei kubwa zaidi na kuifunga kwa vipimo vilevile vya mwanzo. Nimeona kosa hilo likirudiwa na watu wenye bidii na akili nzuri, na ndilo lililonifanya niandike. Aina ya pistoni ina uzito wake, na nitaieleza kwa kirefu. Lakini pistoni bora kuliko zote iliyofungwa na mwanya mdogo itakufa kabla ya pistoni ya wastani iliyoandaliwa na mtu anayejua joto linapita wapi.

Tuanze na gesi yenyewe, maana imezungukwa na hofu isiyo na msingi. Nitrasi oksidi, ambayo hospitalini huitwa gesi ya kucheka, ilitengenezwa kwa mara ya kwanza na Joseph Priestley mwaka 1772. Katika Vita vya Pili vya Dunia ndege za Ujerumani zilikuwa na mfumo ulioitwa GM-1, ambao uliingiza gesi hii kwenye injini ili rubani apate nguvu kule juu angani ambako hewa ni hafifu. Kwa hiyo si jambo la jana. Nitrasi haiwaki. Ni mbebaji wa oksijeni tu: asilimia 36 ya uzito wake ni oksijeni, wakati hewa tunayovuta ina asilimia 23 hivi. Hukaa mtungini ikiwa kimiminika, kwa kawaida kwenye mgandamizo wa baa 60 hadi 70 inapotumika mashindanoni. Ikitoka kwenye nozeli huchemka papo hapo kwa nyuzi 88 chini ya sifuri, na ubaridi huo huipoza hewa inayoingia na kuifanya nzito zaidi. Ikishaingia ndani ya silinda, joto linapopita nyuzi 300 hivi molekuli zake huvunjika, oksijeni inaachiwa huru, na kuvunjika huko nako kunatoa joto.

Oksijeni zaidi inahitaji petroli zaidi. Kilo moja ya petroli hupata oksijeni ya kuiunguza yote kutoka kwenye kilo 14.7 za hewa, lakini kwa nitrasi inahitaji kilo 9.5 hivi tu. Ukiongeza nitrasi bila kuongeza petroli inayolingana nayo, oksijeni inayobaki ndani ya moto ule inatafuta kitu kingine cha kuunguza, na kilicho karibu ni alumini. Hapo pistoni haivunjiki, inayeyuka. Tofauti ya vifo hivi viwili ni ya kushikwa mapema: kingo kali zilizokatika zinaongelea mgongano (mchanganyiko wa silindani kulipuka kwa kishindo badala ya kuungua kwa utaratibu, ndiko kugonga) au ringi iliyobana, na kingo laini zilizotiririka kama nta ya mshumaa zinaongelea petroli iliyopungua. Hakuna pistoni duniani iliyotengenezwa kuvumilia hali hii ya pili. Aloi za pistoni huanza kulainika sana kabla hata ya kufika nyuzi 300, na alumini safi huyeyuka kwa nyuzi 660, wakati moto ndani ya silinda unapita nyuzi 2000.

Kuna jambo moja kuhusu nitrasi ambalo waendeshaji hulisahau na pistoni hulilipia. Nozeli humwaga gesi kwa kiasi kilekile kwa sekunde, injini iwe inazunguka polepole au kwa kasi. Injini ikiwa polepole, kila pigo la pistoni linapokea mgao mkubwa zaidi. Fanya hesabu: nguvu farasi 100 zilizoongezwa kwenye mizunguko 5000 kwa dakika ni msokoto wa Nm 142 hivi. Nguvu farasi hizohizo kwenye mizunguko 2500 ni Nm 285. Ni mara mbili, kwenye pistoni ileile, pini ileile inayoiunga pistoni na konrodi (mkono unaokwenda kwenye kranki) na tuta lilelile. Kwenye silinda ya kipenyo cha mm 86, mgandamizo wa baa 80 unaisukuma pistoni kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 5. Ukipanda hadi baa 120 inakuwa tani 7. Ndiyo maana swichi inayozuia gesi isifunguke chini ya mizunguko 3000 hivi ni sehemu ya uhai wa pistoni, ingawa haimo ndani ya injini.

Sasa joto. Utosi wa pistoni hupigwa na moto moja kwa moja na hauna maji nyuma yake. Njia yake kubwa ya kupumua ni ringi: joto linatoka utosini, linashuka kwenye matuta, linaingia kwenye ringi, linavuka ile ngozi nyembamba ya oili na kufika kwenye ukuta wa silinda, ambako maji yanalichukua. Sehemu nyingine inaondoka na oili inayorushwa chini ya utosi, nyingine inapita kwenye sketi, yaani ubavu wa chini wa pistoni. Ringi ya juu ndiyo lango kuu. Ukiielewa njia hii, kila uamuzi wa kuchagua pistoni unakuja wenyewe.

Pistoni za magari mengi yatokayo kiwandani ni za kusubu: alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ikiwa na silikoni ya asilimia 12 hivi. Silikoni huifanya isivimbe sana kwa joto, hivyo inaweza kufungwa kwa nafasi ndogo, inakaa kimya asubuhi na haimezi oili. Ubaya wake ni kwamba ni ngumu na kavu. Ikigongwa, haikunjiki, inapasuka. Zipo za kusubu zenye silikoni nyingi zaidi, asilimia 16 na kuendelea, ambazo ni imara na hazichakai upesi, lakini zinazidi kuwa kavu. Zinahimili joto vizuri, tena zinahimili nguvu kubwa maadamu hakuna kugonga. Mgongano mmoja wa nguvu unatosha kuzipasua. Nazo, kwa kuwa zinalifungia joto juu na kuipa ringi ya kwanza mzigo zaidi, ndizo zinazohitaji mwanya mkubwa wa ringi kuliko wengi wanavyodhani. Nina hakika pistoni nyingi za aina hii zilizosemwa ni dhaifu zilikuwa zimebanwa tu.

Pistoni za kufua ni habari nyingine. Kipande cha alumini kinapashwa moto na kukandamizwa na shinikizo kubwa mpaka kichukue umbo, na chembe zake zinajipanga kufuata umbo hilo bila mapovu ndani. Hapo utakutana na namba mbili, 4032 na 2618. Aloi ya 4032 ina silikoni ya asilimia 12 hivi, kwa hiyo haivimbi sana, inafungwa kwa nafasi ndogo, na inafaa gari linaloendeshwa kila siku lenye dozi ndogo ya gesi. Aloi ya 2618 karibu haina silikoni. Nguvu yake inatokana na shaba, magnesi na nikeli, na inabaki imara kwenye joto ambalo nyingine zinaanza kulegea. Ndugu yake wa karibu ndiye aliyetumika kuundia ngozi ya ndege ya Concorde, kwa sababu hiyohiyo ya kuvumilia joto. Ikigongwa, inabonyea kidogo na kuendelea na kazi. Lakini inavimba zaidi, na hiyo ni gharama unayoilipa kwa kuiachia nafasi kubwa ndani ya silinda. Injini ikiwa baridi utaisikia ikigonga ukuta kwa sauti kavu, tak tak, mpaka ipate joto. Pia mitaro yake ya ringi inachakaa mapema kuliko ya 4032.

Maoni yangu ni haya: dozi ikipita nguvu farasi 25 hivi kwa silinda, chukua 2618 na ukubali kelele za asubuhi. Chini ya hapo, kwenye injini isiyo na kasoro yenye petroli ya oktani ya kutosha (isiyogonga upesi), 4032 inatosha na utaifurahia zaidi. Pistoni za kusubu za kiwandani zinaweza kubeba dozi ndogo kwa miaka, ila unaendesha bila akiba. Siku petroli ikiwa mbaya au pampu ikichoka, hakuna cha kukuokoa.

Aloi ikishachaguliwa, angalia umbo, na anza na mahali ringi ya juu ilipokaa. Injini za kisasa huweka ringi ya kwanza karibu sana na utosi, wakati mwingine mm 4 au 5 tu, kwa sababu ule mfereji mdogo kati ya tuta na ukuta wa silinda huficha petroli isiyoungua, na sheria za moshi haziutaki. Kwa nitrasi mpangilio huo ni hatari. Ringi iko jikoni kabisa, na tuta linaloilinda ni jembamba. Pistoni ya nitrasi huishusha ringi hadi mm 7, 8 au zaidi, na hivyo tuta la juu linakuwa nene na ringi inakaa mbali na moto. Ukipewa pistoni mbili zenye aloi moja, moja ina tuta la mm 5 na nyingine la mm 8, chukua ya pili bila kujiuliza sana.

Lakini usilipime tuta kwa macho ya upande mmoja. Mashimo yanayochongwa utosini ili vali zisigonge pistoni huuma kuelekea ukingoni, na shimo la vali ya kuingiza, ambalo huwa kubwa zaidi, mara nyingi linafika karibu kabisa na mtaro wa ringi. Pale ndipo tuta linapokuwa jembamba kuliko pote, na pale ndipo linapokatika. Geuza pistoni upate mahali hapo, weka kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kati ya sakafu ya shimo la vali na dari ya mtaro wa ringi. Kipimo hicho kidogo kinakueleza ukweli kuhusu pistoni kuliko picha zote za tangazo. Vivyo hivyo unene wa utosi: upime chini ya shimo la vali, mahali ulipo mwembamba, maana kwingine hautakuambia kitu.

Kushusha ringi kuna bei yake. Umbali kati ya katikati ya pini na utosi hauongezeki, kwa hiyo kila milimita unayoipa tuta inatolewa kwa ringi za chini. Kwenye injini yenye konrodi ndefu pini hupanda mpaka kuingia kwenye mtaro wa ringi ya oili, na hapo inabidi kufunga kipande cha kuishikilia ringi hiyo. Si dhambi, lakini kama unaijenga injini ya nitrasi tangu mwanzo, konrodi fupi kidogo inaipa pistoni nafasi ya kuwa nene.

Umbo la utosi nalo lina neno. Utosi bapa au wenye bakuli la kina kidogo huacha moto usambae sawasawa. Utosi wenye nundu kubwa unauzuia moto, una kingo nyingi za kushika joto, na unapandisha uwiano wa mgandamizo. Nitrasi haihitaji uwiano mkubwa, kwani gesi yenyewe itakupa mgandamizo. Uwiano wa 9 hadi 10 kwa 1 kwenye petroli ya kawaida unakupa upana wa kukosea. Ukipanda juu ya hapo uwe na petroli ya mashindano.

Pini husahaulika kwa sababu haionekani. Chini ya zile tani 7 pini nyembamba hupindika na kuwa duaradufu kwa nukta ya sekunde, kisha inarudi, mara elfu kadhaa kwa dakika. Kila inapofanya hivyo inapanua masikio ya pistoni yanayoishika pini kwa ndani, na ufa unaanza hapo na kupanda hadi utosini. Pistoni yenye ufa wa namna hii mara nyingi husingiziwa kugonga. Chukua pini yenye ukuta mnene, ya chuma cha zana kama dozi ni kubwa, na ukubali gramu chache zinazoongezeka. Nitrasi huua kwa mgandamizo zaidi kuliko kwa mizunguko, na uzito wa pini unauma zaidi kwenye mizunguko.

Tufike sasa kwenye mwanya wa ringi, ambao ndio moyo wa habari yote.

Silinda ya mm 86 ina mzingo wa mm 270. Ringi yake, ukiinyoosha, ni waya wa chuma wenye urefu huo. Chuma hurefuka kwa sehemu 11 au 12 za milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa hiyo kila ringi inapokuwa na joto zaidi ya ukuta wa silinda kwa nyuzi 100, inarefuka kwa mm 0.3 hivi. Injini ya kawaida isiyo na gesi hupewa mwanya wa kiasi cha mm 0.004 kwa kila milimita ya kipenyo, yaani mm 0.34 kwa silinda yetu. Unaona tatizo? Nitrasi ikiipandisha tofauti hiyo ya joto kupita nyuzi 110 hivi, mwanya umekwisha. Injini haitakuonya kwa sauti. Itavuta vizuri kuliko siku zote kwa sababu ringi imeziba kabisa, kisha tuta linaondoka.

Kwa nitrasi anza na 0.005 kwa kila milimita ya kipenyo kama dozi ni ndogo na pistoni ni ya kufua, ambayo kwetu ni mm 0.43. Kwa dozi kubwa ya mashindano panda hadi 0.007, yaani mm 0.60. Ringi ya pili ipewe mwanya sawa na wa kwanza au mkubwa kidogo. Zamani watu waliubana wa pili wakiamini wanazuia gesi ya moto wa silindani isishuke, lakini gesi inayopenya ringi ya kwanza ikikuta mlango wa pili umefungwa inakaa katikati, inaisukuma ringi ya juu kutoka chini na kuifanya ipepee mtaroni. Iachie njia ya kushuka. Karatasi inayokuja na ringi ina namba za mtengenezaji, na kama zinatofautiana na zangu, fuata zake.

Wenye hofu huuliza kuhusu mgandamizo unaopotea kwenye mwanya mkubwa. Ukipima injini ikiwa baridi, utaona inavuja kuliko ya jirani. Usishtuke. Mwanya ule unapimwa baridi lakini unafanya kazi moto, na kwenye joto la kazi sehemu yake kubwa imeshazibwa na ringi iliyorefuka. Mwanya uliozidi kwa sehemu kumi za mia za milimita unakuibia nguvu kidogo ambayo hutaigundua kwa kiti cha dereva. Mwanya uliopungua kwa sehemu mbili za mia za milimita unaweza kukuibia injini.

Kazi yenyewe ya kuupata mwanya haiendi kwa haraka. Silinda iwe imeshachongwa na kupigwa honi ya mwisho, yaani kusuguliwa ndani kwa mawe laini, bora likiwa limefungwa bamba zito mahali pa silinda hedi, kwa sababu bolti zikikazwa silinda hubadilika umbo kidogo. Bana ringi kwa vidole, iingize, kisha isukume kwa pistoni iliyogeuzwa kichwa chini mpaka ishuke sentimita mbili au tatu na kukaa sawa pande zote. Ringi iliyolala upande inasoma uongo. Chomeka fila geji, yale majani membamba ya chuma ya kupimia mwanya: jani linalofaa huingia kwa kusita na kutoka kwa kusita, kama kisu kwenye siagi baridi. Pungufu, itoe uinoe kwenye kile kinoo kidogo cha mkono, ncha moja tu, na daima ukielekeza mzunguko kutoka uso wa nje kwenda ndani. Ukinoa kinyume unamega mipako ya uso wa ringi, na kimego hicho kitaishi ndani ya silinda yako. Zungusha mara chache, pima. Zungusha, pima. Chuma kikishaondoka hakirudi. Mwisho, pitisha jiwe laini kwenye kona nne za ncha mpaka ukucha usikwame, na uihifadhi ringi hiyo na namba ya silinda yake, kwani kila moja imepimwa kwa nyumba yake.

Aina ya chuma cha ringi nayo ichague kwa nitrasi. Ringi za chuma cha kusubu cha kawaida huvunjika zikigongwa. Ile ya juu iwe ya chuma chenye kunyumbulika au ya feleji. Ringi nyembamba inayokaa vizuri mtaroni ni bora kuliko nene inayoyumba.

Nafasi kati ya sketi na ukuta wa silinda ipime mahali mtengenezaji alipopaonyesha, kwa kawaida chini kwenye sketi na kwa pembe ya digrii 90 kutoka kwenye pini, kwa sababu pistoni si duara kamili wala si pipa lililonyooka. Ukiipima juu karibu na ringi utapata nafasi kubwa ya uongo na kuchonga silinda vibaya. Kwa nitrasi watengenezaji wengi huomba uongeze sehemu chache za mia za milimita juu ya kipimo cha kawaida. Ziongeze. Pistoni iliyobanwa hujikwangua upande kwa upande, na mikwaruzo mirefu ya wima kwenye sketi ndiyo sahihi yake.

Kabla ya kufunga, pitisha kidole kwenye utosi. Kingo za mashimo ya vali zikikukwaruza, zitashika joto na kugeuka njiti ya kiberiti inayowasha mchanganyiko kabla ya cheche. Zilainishe kwa msasa mdogo, usichonge, ondoa tu makali, kisha osha pistoni kwa sabuni na maji ya moto mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Mipako ya seramiki utosini inasaidia kuliacha joto kwenye moto, na ile nyeusi ya kulainisha kwenye sketi inafaa sana wakati wa kuanza. Vitundu vya gesi vinavyotobolewa wima kutoka utosini hadi nyuma ya ringi ya juu ni vya gari la mashindano tu. Kwenye gari la barabarani huziba kwa masizi.

Pistoni ikiwa tayari, bado inaishi kwa huruma ya walio nje yake. Rudisha taiming, yaani wakati wa cheche, nyuma kwa digrii moja na nusu hadi mbili kwa kila nguvu farasi 50 za gesi, kwa sababu mchanganyiko wenye oksijeni nyingi unaungua upesi na kilele cha mgandamizo kinaikuta pistoni bado inapanda. Weka plagi baridi zaidi kwa hatua moja au mbili, zenye pua fupi. Hakikisha pampu inatoa petroli ya kutosha gesi ikiwa imefunguliwa, si injini ikiwa imesimama. Na kumbuka kwamba manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda) iliyoundwa kupitisha hewa peke yake haigawi petroli sawasawa. Silinda moja itakuwa na njaa kuliko nyingine, na ndiyo itakayokueleza.

Inaongea kupitia plagi. Baada ya mbio ya kwanza yenye dozi ndogo, zima injini papo hapo, zitoe plagi zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda. Chukua kioo cha kukuza. Vidoti vyeusi kwenye kauri ni masizi yaliyotikiswa na kugonga kwa mbali. Vidoti vinavyometa kama vumbi la fedha ni alumini ya pistoni yako, na hapo gari halirudi uwanjani siku hiyo. Pitisha kamera ndogo ya waya kwenye tundu la plagi utazame ukingo wa utosi: ukiwa umeparuzwa kama uliopigwa mchanga, kuna kugonga ambako sikio halikukusikia.

Andika mianya yote kwenye daftari, silinda kwa silinda, na tarehe. Siku utakapoifungua injini, kwa sababu yoyote ile, zitoe ringi za juu kabla ya kuosha chochote na uziweke kwenye mwanga. Ncha zikiwa kijivu kote, bado una nafasi. Ikiwa kona moja imeanza kung'aa, ongeza sehemu tano za mia za milimita kwenye mwanya kabla hujagusa jeti kubwa, yaani tundu la kupitisha gesi zaidi.